Bicha Iko na Guvu

Boito, 14 Aprili 1996

Nimerudi nyumbani. Ningependa kuandika kwamba nimerudi kama askari aliyejeruhiwa vitani, lakini daftari hili ni langu peke yangu na hakuna wa kunipigia makofi. Nilishuka barabarani na sanduku langu, nikajibanza nyuma ya ua mpaka wachuma chai waliposhuka na vikapu vyao, ndipo nikapanda njia ya kwetu. Mwezi uliopita nilisimama juu ya meza ya bwalo nikawaambia wanafunzi wenzangu kwamba anayeinama mbele ya dhuluma amekwisha kujichimbia kaburi. Leo nimeinama nyuma ya ua ili jirani yetu Jerusa asinione.

Aliniona.

"Eee, Kosgei! Mmefunga?"

"Likizo," nikasema.

Neno moja tu, na la uongo. Nimesimamishwa masomo hadi muhula ujao, na nitarudishwa tu iwapo idara itaniombea.

15 Aprili

Mvua. Mama amewaambia watu kituoni, kwenye mizani ya chai, kwamba kijana wake anasomea stima, yaani umeme, na amekuja kupumzisha kichwa.

16 Aprili

Nieleze nilichokabidhiwa. Siku niliyopewa barua ya kusimamishwa, Dakta Phanice Nyaberi, mhadhiri wangu wa fizikia, aliniita ofisini mwake akanipa kisanduku cha slaidi. "Usikae nyumbani ukifuga hasira," alisema. "Pima." Slaidi hizo alitumiwa na maabara moja ya Ujerumani. Mwezi wa Julai atazibeba kwenye mkutano huko huko, pamoja na vipimo vyangu, na wenyewe wakiridhika watampa mwaka mzima wa kufanya kazi kwenye mashine zao. Hapa kwetu hatuna sumaku hizo, wala baridi hiyo. Tuna picha tu.

Na picha zenyewe ni za ajabu. Elektroni zimefungiwa kwenye tabaka jembamba mno, zikapozwa karibu na baridi ya mwisho iliyopo ulimwenguni, kisha zikatiwa ndani ya sumaku kali. Sumaku huzipinda. Zile za katikati huzunguka palepale, kila moja kwenye duara lake, wala hazifiki popote. Zile za ukingoni hugonga ukingo kabla ya kumaliza duara, zikaruka mbele, zikagonga tena, zikaruka tena, zote upande mmoja. Ukizigutusha, wimbi dogo hukimbia kandokando ya ukingo huo kama mnong'ono. Wajerumani wamekimulika kipande chenye tabaka hilo kwa doa dogo la mwanga wa leza, nukta baada ya nukta, wakaupiga picha mwanga unaorudi. Katikati ni wekundu mzito. Ukingoni, sambamba na fremu ya slaidi, pana utepe mwembamba unaong'aa. Kazi yangu ni kupima upana wa utepe huo, kwa lenzi na rula, dirishani.

Nimezifunga slaidi ndani ya nailoni mara mbili, mvua isizifikie, nikaziweka chini ya kitanda.

20 Aprili

Jerusa alikuja kunywa chai. Yeye ni Mgusii. Alihamia hapa na mumewe kabla sijazaliwa, na ni rafiki wa mama tangu wakiwa wasichana wenye watoto mgongoni. Anapoingia, sisi huacha Kikipsigis tukahamia Kiswahili kwa heshima yake. Yeye husema Kiswahili cha mama kimevunjika miguu yote. Mama humjibu kwamba ni yeye aliyekiangusha.

"Hiyo stima yako inafanya nini?" Jerusa aliniuliza.

Nikamweleza habari za katikati na ukingoni.

"Kwa hivyo zile za katikati zinazunguka tu, hazifiki pahali?"

"Ndiyo."

"Kama mheshimiwa wetu."

Mama alicheka hadi chai ikamwagika. Kisha akaniuliza nimeweka wapi zile bicha. Nikamwambia.

"Chini ya gitanda kuna baridi. Weka juu ya moto, kwa mabuyu ya maziwa."

"Kitanda, mama," nikamwambia. "Si gitanda."

Slaidi za Ujerumani juu ya jiko la kuni, katikati ya mabuyu ya mursik, maziwa yetu ya mgando! Nilicheka mbele ya mgeni wake. Jerusa hakucheka nami, na sasa ninapoandika nahisi masikio yangu yakiwaka.

28 Aprili

Mvua. Nimechuma chai asubuhi, vibaya. Mama alirudi nyuma yangu akichuma nilichoacha.

9 Mei

Nimeona kitu.

Kwenye slaidi ya nne utepe si mmoja. Kuna vijito vyembamba, vyeupe, vinavyochipuka kutoka ukingoni na kuingia ndani kama mizizi. Sikuviona mwezi uliopita. Nilitazama slaidi ya saba: vipo. Ya tisa: vipo. Nadharia inadai kwamba msisimko wa ukingoni hubaki ukingoni. Ikiwa vijito hivi ni vya kweli, basi ukingo unaivamia katikati, na vitabu vyote vitaandikwa upya. Na aliyeviona ni mwanafunzi aliyefukuzwa kama mbwa, anayetumia lenzi ya kusomea Biblia.

Niliita jikoni. Mama na Jerusa wakaja wakipangusa mikono. Mama aliinua slaidi dirishani, akafinya jicho moja.

"Hii bicha iko na guvu," akasema.

"Nguvu, mama. Sema ng, kama ngoma. Nguvu."

"Nguvu," akarudia, kama mtoto wa chekechea. Alinitazama kidogo. "Basi weka gwa moto."

Jerusa alifungua kinywa, akamwangalia mama, akakifunga.

Nimekaa nikiyawaza maneno hayo jioni nzima. *Ina nguvu. Itie moto.* Mwanamke ambaye hakuvuka darasa la tatu! Hata yeye ameona. Nilijiapiza kwamba siku nitakaposimama tena mbele ya watu nitayatumia.

17 Mei

Nimemwandikia Dakta Nyaberi habari za vijito.

2 Juni

Amejibu. Mistari minne. "Sivikumbuki vijito hivyo. Subiri. Usimwambie mtu. Nirudishie slaidi zote kwa njia ya uhakika."

Subiri! Tangu nijue kusoma sijaona neno linalopendwa na waoga kuliko hilo. Kwa nini nisimwambie mtu? Kwa nini nirudishe zote? Anaogopa kuwaudhi Wajerumani wake, ama anataka kufika Julai na vijito vyangu mfukoni mwake. Sitazirudisha.

Nimesoma tena niliyoandika hapo juu. Mwanamke huyu alikuwa akinipa chakula chake cha mchana alipoona sijala. Sijafuta kitu, lakini sijivunii.

10 Juni

Vijito vimeongezeka. Hapana: jicho langu limekomaa. Mtafiti hujifunza kuona.

12 Juni

Mvua ya mawe. Nusu ya chai ya juu imechanika. Mama alisimama mlangoni na mikono kichwani. Mimi nilikuwa ndani nikitazama slaidi ya nne.

13 Juni

Nguo zetu hazikauki. Mkate alioleta Jerusa juzi umetupwa kwa kuku.

21 Juni

Jerusa ameleta mwaliko kutoka Chepilat. Mchungaji Bogonko anaandaa ibada ya makanisa ya pande zote mbili za mpaka wetu na Wagusii, ya kwanza kubwa tangu mwaka ule wa mapigano, nyumba zilipochomwa. Anataka kijana mmoja msomi aseme neno kuhusu elimu. Kanisa lina projekta ya kuonyeshea picha za Yesu.

"Na mwalimu wenu atakuwa," Jerusa aliongeza kwa furaha. "Phanice ya Nyaberi. Kwao ni hapo tu ng'ambo."

Nilikubali haraka mno. Niandike kwa nini: kwa sababu atakuwapo, na atakuwa kwao, mbele ya watu wake. Nimeandika, na sijapenda sura ya sentensi hiyo.

29 Juni

Mama amepiga pasi leso yake ya kanisani. Anasema yeye hatasema kitu kesho, Kiswahili chake kitaniaibisha. Sikumwambia hakitaniaibisha.

30 Juni

Nitaandika yote, kwa mpangilio, hata mkono ukikataa.

Kanisa lilijaa. Wakipsigis walikaa mabenchi ya kushoto, Wagusii ya kulia, na hakuna aliyewapanga hivyo. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi. Mama alikaa kushoto, benchi la pili. Jerusa kulia, mkabala naye. Daktari alikuwa nyuma karibu na mlango, amefunga kitambaa kichwani kama akina mama wengine wote, na aliponiona alitabasamu. Nilipotoa kile kisanduku, tabasamu lilikwisha.

Slaidi ya nne ilitua juu ya shuka jeupe, kubwa kama ukuta. Watu walivuta pumzi. Ilikuwa nzuri sana. Nami nilipoona giza limejaa nyuso zinazonitazama, nikasikia tena ile sauti yangu ya bwaloni ikipanda yenyewe.

Niliwaeleza elektroni vizuri, hilo sitajinyima. Kisha nikaacha kueleza.

"Ndugu zangu! Katikati hapatembei kitu! Kila kinachotembea hutembea mpakani! Hutembea upande mmoja tu, na hakirudi!"

Neno la fizikia ni ukingoni. Nilichagua mpakani kwa sababu lilijaza kinywa vizuri zaidi.

Kanisa lilinyamaza. Mimi, mjinga, nilidhani ni ule ukimya unaotangulia makofi.

"Kijana," sauti ya mzee ikatoka mabenchi ya kulia, polepole. "Rudia hapo. Nani hakurudi?"

Hata hapo sikuelewa. Watu waliokuwa wamekaa upande ule walikimbia mpaka huo na magodoro vichwani, upande mmoja, na wengine hadi leo hawajarudi kwenye mashamba yao. Nami nilikuwa nimesimama mbele yao, kijana wa Kipsigis, nikiwapigia kelele kwamba hivyo ndivyo ulimwengu ulivyoumbwa.

"Na wapo wasomi," niliendelea, "wanaoujua ukweli huu na kuuficha! Wanatwambia tusubiri! Mmoja amekaa humu, pale mlangoni!"

Vichwa viligeuka. Benchi lilikwaruza sakafu. Mtu akasema, "Anataja nani wa kwetu?" Kushoto nako mtu akasimama. Ningeweza kukoma. Lakini nilikuwa na maneno yangu ya mwisho, niliyoyatunza tangu Mei, na msemaji aliyetunza maneno ni kama mlevi aliyeficha chupa.

"Hata mama yangu mzazi, ambaye hakusoma, aliitazama picha hii akaniambia: ina nguvu! Itie moto!"

Moto. Nilitamka moto mahali pale.

Watu kama watano walikuwa wamesimama sasa, pande zote mbili. Mchungaji Bogonko aliinua mikono na hakuna aliyemtazama. Na hapo nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia mbele ya hadhara maishani mwangu.

"Hapana! Mimi sikusema hivyo!"

Mama alikuwa amesimama. Leso ilikuwa imemteleza begani. Alizungumza akiwatazama watu wa kulia, si mimi.

"Huyu ni kijana yangu. Amesema mimi nimesema moto. Mimi sikusema moto ya kuchoma. Nilisema bicha iko na guvu. Si nguvu. Guvu! Ile ya mkate! Kitu ikilala kwa baridi inashika guvu. Nikamwambia aweke juu ya moto ikauke. Yeye akanifundisha kusema ng."



"Kuvu!" Jerusa aliruka kutoka benchi lake. "Anasema kuvu, jamani! Amemwambia huyu mtoto tangu Mei! Picha imeoza, yeye anasema ni stima!"

Kicheko kilianzia kulia, kwa yule mzee, kikavuka katikati, kikawaangusha wote. Walicheka wakijipiga mapajani. Waliokuwa wamesimama waliketi ili wacheke vizuri zaidi. "Basi na tuiombee hiyo kuvu!" Mchungaji akapaza sauti, machozi yakimtoka, nao wakacheka upya.

Daktari alipita katikati ya mabenchi mpaka nilipokuwa. Hakucheka.

"Tazama kipimo, Kipkosgei," akasema kwa sauti ya chini.

Nikageuka. Kwenye pembe ya chini ya kila slaidi Wajerumani wameandika mstari wa kipimo na tarakimu zake. Kijito kimoja cheupe, kile nilichokipenda kuliko vyote, kilitoka kwenye fremu, kikapita juu ya mstari, kikaila sifuri na kuendelea. Kilikuwa kikitembea juu ya maandishi. Hakuna elektroni iliyowahi kutembea juu ya maandishi. Mwezi mzima na zaidi nimekuwa nikitazama ukungu ukila picha za watu, na kila ulipokula zaidi nilijisifu kwamba naona zaidi.

Alizima projekta, akazikusanya slaidi moja moja, akaziweka kwenye mkoba wake. Mlangoni alisimama.

"Kwenye barua uliniandikia ukingoni," akasema. "Hapa ukasema mpakani. Kwa nini?"



1 Julai

Mvua.

2 Julai

Nimechuma chai. Wachuma wenzangu wananiita Bwana Guvu. Naitika.

3 Julai

Leo tulikuwa wawili tu, mimi na mama, na tulizungumza Kikipsigis. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa sitaki kuyasoma maneno yake kwa lugha yake. Nilimuuliza mama kwa nini hakunisahihisha siku ile dirishani. Alisema nilimfundisha neno akadhani labda wasomi huiita hivyo. Nikamuuliza kwa nini basi alisimama kanisani, yeye aliyeapa hatasema kitu.

Alichochea kuni.

"Walikuwa wameanza kusimama," alisema. "Nikaona heri wanicheke mimi."

Nilitoka nje nikajifanya natazama ng'ombe. Mimi niliyepanda juu ya meza kuwatetea wanyonge wa nchi nzima, nimekuwa nikimkagua mama yangu herufi moja moja tangu niende sekondari. Nilimsikiliza kama mwalimu anayesahihisha imla: nikisaka kosa, maana ikapita. Na alipotaka kuniokoa hakuwa na kitu kingine cha kuwapa watu ila kile kile nilichokionea haya.

5 Julai

Nimeandika barua kwa Daktari mara nyingi na kuzichana. Kila moja ilikuwa hotuba. Niliyoituma ina mstari mmoja: *Nimeharibu, na nilikutukana ukiwa sahihi.* Sikuweka hata alama ya mshangao.

13 Julai

Jerusa alikwenda Chepilat kwa msiba, amerudi na bahasha ya Daktari. Ndani hamna barua. Kuna slaidi ya nne tu, imepanguswa kwa spiriti. Vijito vyeupe vimeondoka, na palipokuwa navyo pamebaki mikwaruzo mitupu, kwa kuwa kuvu ilikuwa imekwisha kula rangi yenyewe.

"Anaenda?" nikauliza.

"Anaenda. Amesema tano ziko sawa. Ataenda na hizo tano."

"Na hizo nyingine? Wenyewe watauliza."

"Ataambia Wazungu ni mvua."

"Hakusema ni mimi?"

"Kosgei, umeniskia. Amesema mvua." Alikaa, akajimiminia chai mwenyewe. "Na amesema upime pale kuvu haikufika. Umpelekee kabla aende."

Nimepima. Upande wa kulia wa slaidi, kipande kisichozidi ukucha, utepe bado ni mzima: mwembamba, mnyoofu, unaong'aa kama ulivyong'aa Aprili, na hauchipuki popote. Ndicho nilichotumwa kukitazama tangu mwanzo. Nimeandika tarakimu zangu kwenye karatasi safi, bila sifa.

14 Julai

Asubuhi nimeitundika slaidi juu ya jiko, kwenye kamba ya mabuyu, ikauke kabla Jerusa hajaipeleka na tarakimu zangu. Jerusa alikuwa ameketi mlangoni akingoja. Mama aliingia na kuni, akasimama chini ya ile slaidi, akaitazama kwa muda mrefu huku moshi ukimpita usoni.

"Kipkosgei," akasema, "doa hiyo."

Nikanyoosha mkono kuiondoa. Nikausimamisha. Kinywani mwa mama, *toa* na *doa* ni neno moja. Huenda aliniamuru niishushe, moshi usije ukaichafua. Huenda aliniambia ameliona doa, lile jeraha lisilofutika. Jerusa alinitazama, safari hii akiwa amefunga kinywa kwa makusudi, mashavu yamemjaa kicheko.

"Mama," nikasema, "umesema nitoe, ama umesema kuna doa?"

"Nimesema doa," akajibu, akinyoosha kidole.

Bado sikujua. Nikauliza tena.